Denis Papin na Vali ya Usalama

Bila shaka umepata kumwona fundi akijaza upepo katika tairi la gari. Mashine anayoitumia huitwa kompresa. Huvuta hewa kutoka nje na kuishindilia ndani ya tangi la chuma. Ukitazama juu ya tangi hilo, utaona kifaa kidogo, pengine hakizidi kidole gumba chako. Hicho ni vali ya usalama. Kazi yake ni kuifungulia njia hewa inapozidi, ili tangi lisipasuke. Aliyeibuni vali hiyo ni Denis Papin. Soma sasa habari za maisha yake.

Papin alizaliwa mwaka 1647, karibu na mji wa Blois, nchini Ufaransa. Alisomea uganga, lakini moyo wake ulipenda zaidi mashine. Akiwa kijana alifanya kazi mjini Paris pamoja na mwanasayansi Christiaan Huygens. Mwaka 1675 alivuka bahari akaenda Uingereza. Huko alimsaidia Robert Boyle, mtu aliyekuwa akichunguza tabia za hewa. Papin alikuwa hodari wa kutengeneza mabomba ya kuvuta na kushindilia hewa.

Mwaka 1679 Papin alitengeneza chungu cha chuma chenye mfuniko uliokazwa kwa parafujo. Unajua kwamba maji yakichemka katika sufuria ya kawaida, mvuke hutoka na kwenda zake. Katika chungu cha Papin mvuke haukupata pa kutokea. Ulibanwa ndani, ukasukuma pande zote, na maji yakapata joto kuzidi nyuzi 100 za Selsiasi. Kwa joto hilo, hata mifupa migumu ililainika. Mwaka 1682 wanachama wa Royal Society, chama cha wanasayansi cha London, walikula chakula cha jioni kilichopikwa katika chungu hicho.

Lakini fikiri: je, moto ukizidi, mvuke uliobanwa utafanya nini? Utaendelea kusukuma mpaka chungu kipasuke na kuwaua waliopo. Papin alilitambua jambo hilo. Kwa hiyo alitoboa tundu dogo katika mfuniko, akalifunika kwa kizibo. Juu ya kizibo aliweka wenzo, yaani fimbo ya chuma iliyoshikwa upande mmoja kwenye egemeo. Upande wa pili alitundika uzito. Uzito uliukandamiza wenzo, na wenzo ukakikandamiza kizibo. Mvuke ulipopata nguvu kuliko uzito, ulikiinua kizibo na kutoka nje. Nguvu yake ilipopungua, kizibo kilirudi mahali pake. Aliposogeza uzito mbali na egemeo, mvuke ulihitaji nguvu kubwa zaidi ili utoke.

Maisha ya Papin hayakuwa mepesi. Yeye alikuwa Mprotestanti. Mwaka 1685 mfalme wa Ufaransa, Louis wa Kumi na Nne, aliifuta sheria iliyowalinda Waprotestanti, na Papin hakuweza tena kurudi kuishi kwao. Alikwenda Ujerumani, akafundisha hisabati katika mji wa Marburg. Mwaka 1690 alieleza jinsi mvuke unavyoweza kuinua pistoni ndani ya silinda. Mwaka 1707 alisafiri mtoni kwa mashua yenye magurudumu ya makasia. Haikuwa bado na injini. Wenye mashua wa mji wa Münden waliogopa kunyang'anywa kazi, wakaivunjavunja. Papin alirudi London mikono mitupu. Alizikwa huko mwaka 1713, akiwa maskini. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Thomas Newcomen alikuwa amekwisha kujenga injini ya mvuke yenye pistoni, iliyovuta maji kutoka mgodini.

Sasa turudi kwa fundi wetu. Tuseme amenunua kompresa kuukuu, naye anataka kuitengeneza. Fundi mwenye busara haiwashi kwanza. Huitenga na umeme, hutoa hewa yote, kisha hufungua kizibo cha chini ya tangi ili maji yatoke. Maji hayo yametoka wapi? Hewa ina mvuke wa maji. Hewa iliyoshindiliwa inapopoa, mvuke hugeuka kuwa maji na kutuama chini ya tangi. Maji huleta kutu, na kutu hula chuma kutoka ndani, mahali ambapo jicho halifiki. Tangi laweza kung'aa kwa rangi mpya kumbe limeoza.

Kwa sababu hiyo, tangi kuukuu hupimwa na mtaalamu. Hulijaza maji kabisa, kisha huyasukuma kwa nguvu. Tangi bovu likipasuka likiwa na maji, maji huvuja tu. Likipasuka likiwa na hewa, vipande vya chuma huruka kama risasi. Tangi lililooza halizibwi kiraka, hutupwa. Vali ya zamani huondolewa, huwekwa mpya inayolingana na nguvu ya tangi. Wako watu ambao huziba tundu la vali kwa bolti kwa sababu linavuja. Mtu wa namna hiyo ameondoa mlinzi na kumkaribisha adui. Wewe usiguse kompresa, wala usisimame karibu nayo inapojaribiwa.

Jaribio

Chukua bomba jipya la sindano, lisilo na sindano yenyewe. Vuta hewa ndani, ziba tundu kwa kidole, kisha sukuma. Rudia ukitumia maji. Utaona kwamba hewa hubanwa na kurudi kwa nguvu kama springi, lakini maji hayabaniki.

Maswali

1. Kwa nini maji katika chungu cha Papin yalizidi nyuzi 100?
2. Chora vali ya Papin, uonyeshe egemeo, wenzo, uzito na kizibo.
3. Kutu katika tangi la kompresa husababishwa na nini?
4. Kwa kutumia matokeo ya jaribio lako, eleza kwa nini tangi kuukuu hupimwa kwa maji wala si kwa hewa.