Profesa Ramazzini, munganga aliyeketi ku kiti cha mufanyakazi

Wandugu wafanyakazi, na ninyi wamama wenye kutungoja ku nyumba kila zamu, leo nawaletea maisha ya mutu aliyekufa zamani sana, miaka 300 na zaidi imepita. Hakushika sururu hata siku moja. Alikuwa profesa wa iniversite ku Italia, mutu wa vitabu vya Kilatini na vya Kigiriki. Lakini kitabu chake kikubwa kinaanza na sisi: sura yake ya kwanza inasema juu ya magonjwa ya wachimbaji wa madini. Jina lake ni Bernardino Ramazzini.

Niseme kwanza sababu gani namupenda huyu muzee. Baba yangu alifanya kazi mu shimo miaka mingi. Alipoanza kukohoa tulimupeleka huku na huku. Kila munganga alimusikiliza kifua, akaandika dawa, akamurudisha ku nyumba. Hakuna hata mumoja aliyemuuliza alikuwa anafanya kazi gani, na vumbi aliyokula ilikuwa vumbi ya jiwe gani. Mimi nilikuwa kijana, sikujua kama kuna kitu kimesahauliwa pale. Nilikuja kujua nyuma, mu masomo ya sendika, siku walipotusimulia habari ya Ramazzini.

Alizaliwa mwaka wa 1633 ku Carpi, muji mudogo karibu na Modena, kaskazini mwa Italia. Alisomea filozofia na uganga ku Parma, akamaliza mwaka wa 1659. Akaenda Roma kujizoeza kazi kwa munganga aliyekomaa, kisha akawa munganga wa vijiji upande wa Viterbo. Kule malaria ilimupiga vikali, ile malaria tunayoijua sisi wote, na ikamurudisha kwao. Alioa, akatibisha watu wa Carpi, halafu mwaka wa 1671 akahamia Modena. Mwanzoni hakupokelewa vizuri. Waganga wenzake walibishana naye, naye pia hakuwa mutu wa kunyamaza.

Mwaka wa 1682 Francesco wa Pili, mutawala wa Modena, alipoinua upya iniversite ya muji, Ramazzini alipewa kiti cha kufundisha uganga. Njo pale utafiti wake ulianza kuonekana. Kwa wakati ule profesa mwingi alisoma tu vile Hippocrates na wazee wengine waliandika, akawasomea wanafunzi, basi. Ramazzini aliwasoma wazee wale kuliko wengi, na mashairi yao pia aliyapenda. Lakini alitoka nje kuangalia. Alichunguza visima vya Modena, namna maji yanavyoruka kwa nguvu wakati wachimbaji wa kisima wanatoboa chini, akaandika kitabu mwaka wa 1691. Mwaka wa 1690 mvua iliharibu mashamba na homa ikaangusha watu wa vijijini. Aliandika habari ya ugonjwa ule wa wakulima: hali ya hewa, hali ya nafaka, nani anashikwa mbele na nani nyuma. Kwake ugonjwa haukuwa mambo ya mwili peke yake. Ulikuwa pia mambo ya chakula, ya nyumba na ya kazi.

Kitu kilichomupeleka kwa wafanyakazi kilitokea mu nyumba yake mwenyewe. Ku Modena ilikuwa desturi kusafisha mashimo ya choo kila miaka mitatu. Siku moja alimuona mutu anafanya kazi ile mbio mbio, bila kupumua. Ramazzini alimuhurumia, akamuuliza kwa nini anajichokesha vile. Yule mutu aliinua macho toka mu shimo, akamueleza kwamba asiyeonja kazi ile hawezi kujua ni nini kukaa mule zaidi ya masaa manne, maana ni sawa na kupofuka. Alipotoka, profesa aliangalia macho yake, akakuta ni mekundu na yamefunikwa na ukungu. Akamuuliza dawa yao ni gani. Akajibiwa kwamba hawana ingine ila kurudi ku nyumba, kujifungia mu giza paka kesho, na kunawa macho na maji ya vuguvugu. Nyuma Ramazzini alipita mu muji, akaona watu wa kazi ile wengine vipofu, wanaombaomba.

Angalieni vizuri, wandugu. Pale munganga mwenye kusoma ni juu, mutu wa choo ni chini mu shimo. Na anayefundisha siku ile ni yule wa chini. Ramazzini hakuona haya kuandika vile. Toka hapo alianza kuingia mu nyumba za kazi, hata zile chafu kabisa, kuuliza watu, kuangalia mikono yao, macho yao, namna wanasimama na namna wanapumua.

Mwaka wa 1700 alitoa kitabu chake ku Modena. Kimeandikwa kwa Kilatini na jina lake ni De morbis artificum diatriba, maana yake ni mazungumuzo juu ya magonjwa ya watu wa kazi. Kinapitia kazi zaidi ya 40, moja moja. Kwa wachimbaji wa madini alisema habari ya pumzi fupi, kifua kinachokauka, mikono inayotetemeka, na zebaki inayoharibu mutu mu muda mufupi. Alitaka hewa ivutwe mu shimo kwa mashini, mikono na miguu ifunikwe, na uso ukingwe na sumu. Kwa wachonga mawe alionyesha kwamba vumbi inaingia mu mapafu, sababu waganga waliopasua maiti zao walikuta muchanga ndani. Wafinyanzi waliopaka vyungu rangi ya risasi walianza kutetemeka mikono, kisha wakapooza na kupoteza meno. Nyuma, alipoongeza sura zingine, hata makarani aliwahesabu: kukaa siku nzima, mukono kurudia mwendo mumoja, na akili kubanwa na woga wa kukosea hesabu. Wamama hawakusahauliwa, kwani aliandika juu ya wenye kufua nguo, wakunga, na wenye kunyonyesha watoto wa wengine.

Nyuma aliongeza sura juu ya wafuaji wa shaba, na ile inatugusa sisi watu wa mukuba. Ku Venezia walikuwa wanakaa mu mutaa mumoja, wanapiga nyundo toka asubuhi paka jioni. Aliona kwamba masikio yao yanaumia polepole, na wakizeeka hawasikii kitu. Leo nani kati yetu hajui ndugu wa ku kinu anayezungumuza kwa kupiga kelele, hata mu chumba cha kulala?

Kitabu kinasimulia pia kesi moja, na mimi kila mara naisoma nakasirika. Ku Finale, upande wa Modena, mufanyabiashara mumoja alikuwa na nyumba kubwa ya kutengeneza dawa ya zebaki. Jirani alimushitaki kwamba moshi unaotoka pale unaua watu wa mutaa. Alileta ushuhuda wa munganga. Alileta hata daftari ya parokia, yenye kuonyesha kwamba pale karibu watu wanakufa kuliko mahali pengine, na wengi wanakufa kwa kifua. Mufanyabiashara naye alikuwa na munganga wake wa kumutetea. Mwisho wa yote ni mufanyabiashara aliyeshinda. Ramazzini aliweka habari yote wazi, akaacha wenye elimu waamue kama hukumu ile ilikuwa sawa. Mimi ningependa aseme wazi zaidi. Lakini ni yeye aliyeihifadhi ile kesi. Bila kitabu chake tusingejua kwamba tangu wakati ule raia alikuwa ameelewa kuhesabu maiti za mutaa wake na kuzileta mbele ya tribinali.

Kitu kikubwa alichoacha ni kidogo sana kwa kukisema. Hippocrates alikuwa amefundisha waganga kumuuliza mugonjwa anaumwa wapi, tangu siku gani, na anakula nini. Ramazzini aliongeza swali moja: anafanya kazi gani. Akafundisha tena kwamba munganga akiingia mu nyumba ya mufanyakazi, asishike mukono wa mugonjwa mbio mbio akiwa amesimama sawa mutu anayetaka kutoroka. Aketi kwanza. Kama hakuna kiti kizuri, aketi hata ku kibao cha miguu tatu, amuangalie mugonjwa kwa uso mwema, na amuulize. Aliona pia kwamba mufanyakazi hana muda wa kuugua: ugonjwa ukichelewa anarudi ku kazi bila kupona, sababu watoto wanapaswa kula. Kwa hiyo aliona heri kuzuia ugonjwa kuliko kungojea kuutibisha.

Tusimufanye kuwa mutakatifu. Alikuwa mutu wa wakati wake. Aliamini kutoa watu damu, na hesabu za zamani za unyevu na joto la mwili, mambo ambayo leo hakuna munganga anayafuata. Habari nyingi za mashimo ya madini alizitoa mu vitabu vya waliomutangulia, sawa vile Agricola wa Ujerumani, aliyeandika juu ya kazi hii karne moja na zaidi mbele yake. Na juu ya mushahara au haki ya mufanyakazi kukataa kazi ya hatari hakutuachia mengi. Ile iliwangojea wafanyakazi wenyewe.

Mwaka ule ule wa 1700 aliitwa kufundisha ku Padova, iniversite kubwa ya inchi ya Venezia. Alikuwa amefika karibu miaka 70, na macho yake yalikuwa yanaingia giza. Mwaka wa 1708 aliomba apumuzishwe, lakini wakubwa wa Venezia walikataa, wakampandisha ku kiti cha juu zaidi. Ugonjwa ulipoangamiza ng'ombe mwaka wa 1711, alifundisha juu yake pia, maana ng'ombe akifa mukulima anakufa nyuma yake. Mwaka wa 1713 alichapisha kitabu chake upya, na kazi 12 zimeongezwa. Munganga aliyeanza na macho ya mutu wa choo alimaliza na macho yake mwenyewe karibu yamezimika, lakini alikuwa angali anafundisha. Tarehe 5 mwezi wa 11 mwaka wa 1714, siku alipokuwa anajitayarisha kwenda kufundisha, damu ilimupiga mu kichwa, akafa. Alikuwa na miaka 81.

Kitabu kilitembea kuliko yeye. Kiligeuzwa mu Kiingereza mwaka wa 1705, na mu Kifaransa mwaka wa 1777. Leo waganga wa kazi wanamuita baba yao. Lakini neno la kitabu linachukua muda kufika mu shimo. Alipoandika juu ya muchanga mu mapafu ilikuwa 1700. Mukutano mukubwa wa mataifa juu ya silikozi, ule wa Johannesburg, ulifanyika mwaka wa 1930. Hesabuni wenyewe ni miaka mingapi, na ni vifua vingapi.

Hata hapa kwetu swali lake limefika. Watafiti wa iniversite ya Lubumbashi, pamoja na wenzao wa Ubelgiji, wamepima madini mu mikojo ya watu wanaokaa karibu na mashimo na vinu. Mwaka wa 2020 walitangaza utafiti mwingine, uliofanywa mu nyumba za kuzalia za Lubumbashi. Walilinganisha watoto waliozaliwa na kilema na watoto wasio na kilema, na wakauliza wazazi kazi yao. Walikuta kwamba kilema kilionekana zaidi kwa watoto ambao baba yao anafanya kazi ya madini. Kumbe swali la yule muzee wa Modena likiulizwa vizuri, linafika hata ku kitanda cha muzazi.

Kwa hiyo, ndugu, usingojee kuulizwa. Ukienda ku lopitali, sema wewe mwenyewe: nafanya kazi hii, tangu mwaka huu, nakula vumbi hii, nashika asidi hii. Mama, kama ni wewe unafua nguo za kazi, useme pia, sababu vumbi inakufuata mu maji ya kufulia. Na delege awe na daftari: nani anakohoa, alifanya kazi wapi, miaka mingapi. Yule raia wa Finale alishindwa, lakini alikuwa na daftari ya parokia, na ni ile daftari iliyofanya kesi yake isisahauliwe.

Baba yangu alizikwa bila ugonjwa wake kupewa jina. Mu daftari ya sendika yetu leo jina lake ni la kwanza, na pembeni yake nimeandika kazi yake na miaka yake.