Michael Ventris: Msanifu majengo aliyetegua fumbo la vibao vya Krete

Na Mwandishi Wetu

KATIKA orodha ya watu walioufumbua ulimwengu wa kale, jina la Michael Ventris limo mstari wa mbele, ingawa hakuwa profesa, hakupata kusomea lugha za kale katika chuo kikuu chochote, na alifariki dunia akiwa na umri wa miaka 34 tu.

Msanifu majengo huyo wa Uingereza ndiye aliyefanikiwa mwaka 1952 kusoma maandishi ya vibao vya udongo vilivyokaa kimya kwa zaidi ya miaka 3,000 chini ya magofu ya majumba ya kifalme ya Krete na Ugiriki bara. Kwa kazi yake, historia ya Kigiriki kilichoandikwa ilirudi nyuma kwa zaidi ya miaka 500, na nadharia iliyotawala fani hiyo kwa nusu karne ikaporomoka.

Hata hivyo, maisha ya Ventris si habari za kipaji peke yake. Ni habari za mtu aliyekubali kuitupa imani aliyoilea tangu ujana wake, siku ile ushahidi ulipoikataa.

Kivuli cha Evans

Fumbo lenyewe lilianza mwaka 1900, pale mwanaakiolojia wa Uingereza, Arthur Evans, alipoanza kuchimba Knossos, kaskazini mwa kisiwa cha Krete. Huko alilifukua jumba kubwa la kifalme, na ustaarabu wake akaupa jina la Mfalme Minos wa hekaya za Wayunani.

Ndani ya jumba hilo vilipatikana vibao vya udongo vilivyochorwa alama za ajabu. Havikuwa vimechomwa makusudi kama vyungu vya mfinyanzi. Moto ulioliteketeza jumba ndio uliovikausha na kuvihifadhi. Evans alitambua miandiko miwili iliyofanana, akaiita Mwandiko wa Mistari A na Mwandiko wa Mistari B. Wa pili, uliokuwa na vibao vingi zaidi, ulikuwa na alama za silabi zipatazo 90.

Evans alishikilia kwamba watu wa Krete hawakuwa Wayunani, wala lugha yao haikuwa Kigiriki, na kwamba wao ndio walioitawala Ugiriki bara. Mwanaakiolojia mwenzake, Alan Wace, alipinga, akisema bara ilikuwa na nguvu zake yenyewe. Mwaka 1923 Wace aliondoka katika ukurugenzi wa Shule ya Uingereza ya Akiolojia mjini Athens, na wengi walioandika historia ya fani hiyo huhusisha kuondoka kwake na mgongano wake na Evans.

Zaidi ya hayo, Evans alichapisha sehemu ndogo tu ya vibao alivyovipata. Alipofariki dunia mwaka 1941, vingi vilikuwa bado havijatolewa hadharani, na wasomi wengine hawakuwa na njia ya kuvichunguza.

Mtoto wa lugha nyingi

Michael George Francis Ventris alizaliwa Julai 12, 1922 huko Wheathampstead, kaskazini mwa London. Baba yake alikuwa ofisa katika jeshi la Uingereza nchini India, na mama yake, Dora, alikuwa binti wa familia tajiri yenye asili ya Poland. Sehemu ya utoto wake aliipitisha Uswisi, ambako alisoma kwa Kifaransa na Kijerumani, huku Kipolandi akikipata kwa mama yake.

Mwaka 1936, akiwa na umri wa miaka 14, alikwenda na wanafunzi wenzake kuangalia maonyesho ya akiolojia mjini London. Evans, ambaye wakati huo alikuwa mzee wa miaka 85, alikuwapo, na kijana huyo akasikia kwake kwamba kuna vibao ambavyo hakuna aliyeweza kuvisoma. Kuanzia hapo jambo hilo halikumtoka moyoni.

Miaka iliyofuata ilimjia na misiba. Baba yake alifariki mwaka 1938. Ujerumani ilipoivamia Poland mwaka 1939, mapato ya mama yake yaliyotoka huko yalikatika, na mwaka 1940 mama huyo akajiua. Ventris, akiwa kijana wa miaka 18, alibaki bila wazazi wote wawili.

Mwaka huo huo, jarida la akiolojia la Marekani lilichapisha makala yake kuhusu lugha ya Krete, bila wahariri kujua umri wa mwandishi. Katika makala hiyo alidai kwamba lugha ya vibao ina undugu na Kietruski, lugha iliyozungumzwa Italia kabla Kilatini hakijaenea. Dai hilo aliishi nalo kwa miaka 12.

Wakati huo alikuwa amekwisha kuanza masomo ya usanifu majengo mjini London. Alimwoa mwanafunzi mwenzake, Lois, mwaka 1942, wakajaliwa watoto wawili. Vita vilimchukua katika Jeshi la Anga, ambako alikuwa mwongoza njia katika ndege za mabomu. Alihitimu usanifu mwaka 1948, na baadaye akafanya kazi katika Wizara ya Elimu, akibuni majengo ya shule.

Mwanamke wa Brooklyn

Haiwezekani kumweleza Ventris bila kumtaja Alice Kober, mhadhiri wa Chuo cha Brooklyn, New York. Mama huyo alifundisha mchana, na muda wake uliobaki akautoa kwa vibao vya Krete. Karatasi zilipoadimika wakati wa vita alikata kadi zake kutoka katika karatasi zozote alizozipata, na kadi hizo, zinazokadiriwa kufikia 180,000, akazipanga ndani ya makasha ya sigara.

Kober alikataa kubahatisha. Hakuuliza kwanza lugha ni ipi wala alama inatamkwaje. Aliuliza alama zinafanya kazi gani ndani ya maneno. Kwa msemaji wa Kiswahili, umoja na wingi hujulikana mwanzoni mwa neno, kama mtoto na watoto. Kober aligundua kwamba katika vibao mabadiliko hutokea mwishoni, na kwamba yana utaratibu. Kutokana na mabadiliko hayo aliweza kuonyesha ni alama zipi zina konsonanti moja na irabu tofauti, bila kujua sauti hata moja.

Alifariki Mei 16, 1950, akiwa na umri wa miaka 43, miaka miwili kabla ya fumbo kuteguliwa. Kwa muda mrefu jina lake lilibaki kwa wataalamu wachache. Kitabu cha Margalit Fox kilichotoka mwaka 2013 kilisaidia kumrejeshea heshima yake mbele ya wasomaji wa kawaida.

Siku ushahidi ulipogeuka

Ventris aliichukua njia ya Kober na kuiendeleza. Mwaka 1951 Mmarekani Emmett Bennett alichapisha vibao vilivyofukuliwa mwaka 1939 huko Pylos, kusini magharibi mwa Ugiriki, na mwenzake Carl Blegen. Sasa kulikuwa na maandishi mengi ya kulinganisha, pamoja na orodha ya alama iliyopangwa kwa uangalifu.

Kama msanifu anavyochora ramani ya jengo kabla ya kuweka tofali la kwanza, Ventris alichora jedwali. Alama zilizodhaniwa kuwa na konsonanti moja aliziweka katika mstari mmoja, na zenye irabu moja katika safu moja. Kila hatua aliiandika katika waraka na kuusambaza kwa wataalamu wa nchi mbalimbali, ili kila mmoja aone alikofika na kumkosoa.

Kisha alitupia jicho maneno yaliyojitokeza katika vibao vya Knossos lakini hayakuonekana Pylos. Alijiuliza kama si majina ya miji ya Krete. Kwa kuzipa alama chache sauti za majaribio, baadhi yake zikitokana na mwandiko wa zamani wa kisiwa cha Cyprus, alipata a-mi-ni-so, yaani Amnisos, bandari ya kale ya kisiwa hicho. Jedwali likampa tena ko-no-so, yaani Knossos. Msomaji wa Kiswahili hatashangazwa na umbo hilo, kwani mwandiko uliotumia silabi zinazoishia kwa irabu ulilazimika kuyaongezea maneno irabu, kama lugha yetu ilivyolifanya kitab la Kiarabu kuwa kitabu.

Sauti hizo zilipoingizwa katika maneno mengine, kilichojitokeza hakikuwa Kietruski. Yalikuja maneno ya Kigiriki cha kale sana: mchungaji, mfinyanzi, mtoto wa kiume, mtoto wa kike, hata giligilani. Katika waraka wake wa Juni 1, 1952, Ventris aliuliza kama vibao hivyo vimeandikwa kwa Kigiriki, na alilitanguliza swali hilo kama mchepuko tu usio na uzito. Alitarajia ushahidi ungemwondoa huko. Badala yake kila neno jipya lilizidi kumsogeza.

Julai 1, 1952 alitangaza hitimisho lake katika redio ya BBC. Miongoni mwa waliosikiliza alikuwamo John Chadwick, mtaalamu kijana wa Kigiriki wa Chuo Kikuu cha Cambridge, aliyekuwa amefanya kazi ya kufichua siri za mawasiliano ya maadui wakati wa vita. Chadwick aliyapima matokeo, akaridhika, akamwandikia. Ndivyo ulivyoanza ushirikiano wa msanifu aliyekuwa na jedwali na msomi aliyekijua Kigiriki cha kale kwa kina.

Chungu chenye miguu mitatu

Wako waliotilia shaka, na walikuwa na haki, kwani mtu akiruhusiwa kubahatisha vya kutosha anaweza kupata lugha yoyote aitakayo. Jibu lilitoka ardhini. Mwaka 1953 Blegen alikijaribu kibao kipya cha Pylos ambacho Ventris hakuwa amekiona alipotengeneza jedwali. Kibao hicho kilikuwa na michoro ya vyombo. Penye chungu cha miguu mitatu palisomeka ti-ri-po. Vyombo vilivyochorwa na vishikio vinne, vitatu, au bila kishikio, vilikuwa na maneno ya Kigiriki yanayosema hivyo hivyo.

Wapinzani hawakuisha mara moja, Profesa A. J. Beattie wa Edinburgh aliendelea kuukosoa usomaji huo. Lakini wataalamu wengi waliukubali. Wace, aliyekuwa amepingwa miaka 30 kabla, ndiye aliyeandika dibaji ya kitabu kikubwa cha Ventris na Chadwick.

Yaliyomo katika vibao hayakuwa mashairi wala sifa za wafalme. Ni hesabu za watunza ghala: kondoo, sufu, mafuta ya zeituni, magari ya vita, posho za wanawake wafanyakazi na watoto wao, na sadaka kwa miungu kama Zeus na Poseidon.

Safari iliyokatika

Aprili 1956 Ventris alihudhuria mkutano wa kwanza wa kimataifa kuhusu maandishi hayo, uliofanyika Gif-sur-Yvette, Ufaransa. Usiku wa Septemba 6 mwaka huo, gari lake liliigonga lori lililokuwa limeegeshwa karibu na Hatfield, akafariki dunia. Uchunguzi rasmi uliamua kuwa ilikuwa ajali. Wiki chache baadaye kitabu chake na Chadwick kikatoka.

Mikutano iliyoanzia Gif haikukoma. Wa 14 ulifanyika Copenhagen mwaka 2015. Vibao vipya navyo vimeendelea kupatikana, vikiwamo vya Ayios Vasileios karibu na Sparta tangu mwaka 2008 na kipande cha Iklaina mwaka 2010. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba watu wa Krete na wa Ugiriki bara wa zama hizo walikuwa na asili inayokaribiana sana, ingawa lugha zao zilitofautiana. Mwandiko wa Mistari A bado haujasomwa.

Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Fumbo hili lililelewa na mikono ya Kober, Bennett, Blegen na Chadwick. Ventris alilitegua kwa sababu aliuweka wazi mchango wa kila hatua, naye hakuona aibu kuachana na dai lake la ujanani. Evans alikuwa na vibao, fedha na jina kubwa, lakini alikuwa na jibu kabla ya swali. Atakayeusoma Mwandiko wa Mistari A siku moja atahitaji kwanza ujasiri huo wa Ventris, kisha uvumilivu wa mama wa Brooklyn na makasha yake ya sigara.