George Washington Williams: Mmarekani aliyemwandikia Leopold barua kutoka Kisangani

Tarehe 18 Julai 1890, pale Stanley Falls, pahali panaitwa leo Kisangani, Mmarekani mmoja mweusi alimaliza kuandika barua ndefu. Barua ile ilikuwa ya Leopold II, mfalme wa Ubelgiji, ambaye wakati ule Kongo ilikuwa kama shamba lake mwenyewe. Ndani yake alimwambia waziwazi kwamba watu wake wanadanganya wakaaji, wanachoma vijiji na kufanya biashara ya watumwa. Aliyeandika aliitwa George Washington Williams. Alikuwa na miaka 40, na alibakiza mwaka mmoja tu wa kuishi.

Sasa, huyu Williams alikuwa nani?

Alizaliwa tarehe 16 Oktoba 1849 katika jimbo la Pennsylvania. Wazazi wake hawakuwa watumwa, lakini hawakuwa na mali, na mtoto hakusoma sana. Mwaka wa 1864, wakati Wamarekani wa kaskazini na wa kusini walikuwa wakipigana juu ya utumwa, alitoroka nyumbani na kuingia jeshi la kaskazini. Alikuwa na miaka 14 tu, kwa hiyo alidanganya umri wake. Vita ilipoisha akaenda kupigana Mexico, kisha akarudi katika jeshi la Marekani. Mwaka wa 1868 aliachishwa kazi sababu ya kidonda cha risasi kwenye pafu.

Akiwa kijana wa karibu miaka 20, ndipo akaanza kutafuta masomo. Barua aliyoandika kuomba nafasi katika chuo kikuu cha Howard, kule Washington, ilijaa makosa ya herufi. Hakukaa pale. Mwaka wa 1870 aliingia chuo cha wachungaji cha Newton, karibu na Boston. Mwaka wa 1874 alimaliza, mtu mweusi wa kwanza kupata diploma katika chuo kile, na siku ya kufunga masomo alisimama mbele ya watu kuhutubia juu ya Ukristo wa zamani katika Afrika. Miaka minne ilitosha kumtoa kwenye makosa ya herufi na kumpeleka kwenye mimbari.

Toka hapo hakuacha kalamu. Alikuwa pasta huko Boston, akaandika historia ya kanisa lake. Alianzisha gazeti Washington, likakufa mapema juu ya kukosa pesa. Alihamia Cincinnati, akawa pasta tena, akaandika katika gazeti la pale, akasoma sheria. Mwaka wa 1879 alichaguliwa mbunge wa jimbo la Ohio, mweusi wa kwanza katika bunge lile.

Kazi iliyompa jina ni historia ya watu weusi wa Marekani, kuanzia 1619 hadi 1880, kitabu cha mabuku mawili kilichotoka mwaka wa 1882 na 1883. Wakati ule, vitabu vya historia vya nchi ile viliwataja Weusi kama mizigo ya meli au wafanyakazi wa mashamba, basi. Williams hakuridhika na kulalamika. Alienda kwenye maktaba, akachimba karatasi za serikali, magazeti ya zamani, sheria na ripoti za jeshi. Miaka michache baadaye akaandika kitabu kingine juu ya askari weusi wa vita ile aliyopigana akiwa mtoto.

Lakini hakuwa malaika. Alikuwa na madeni mengi, alijiita daktari wa masomo bila kuwa na hiyo diploma, na ndoa yake iliharibika. Tena, mwanzoni yeye pia alimwamini Leopold. Mwaka wa 1889 alizungumza naye huko Bruxelles, akamwona mfalme mwema. Alijaribu hata kutafuta vijana weusi wa Marekani waje kufanya kazi Kongo. Vijana wale walimuuliza maswali mengi juu ya nchi hii, akakosa majibu. Basi akaamua kuja kujionea.

Alifika mwaka wa 1890. Reli ya Matadi hadi Kinshasa ilikuwa bado, kwa hiyo alitembea kwa miguu, kisha akapanda mto kwa mashua ya moshi hadi Stanley Falls. Njiani aliuliza watu na kuandika. Kumbe hospitali na shule alizosikia Ulaya hazikuwepo. Alisikia namna watumishi wa Stanley walivyopata mikataba ya ardhi: mzungu alificha waya wa umeme ndani ya nguo, akimpa chifu mkono, chifu anashtuka na kuamini mzungu ana nguvu isiyo ya kawaida. Wengine waliwasha sigara kwa kioo na jua, wakisema jua ni rafiki yao. Kwa michezo hiyo, pamoja na masanduku ya pombe, vijiji vizima vilichukuliwa. Aliandika pia juu ya askari wasiopewa chakula, ambao walilazimisha wakaaji kutoa samaki, mbuzi na kuku, na aliyekataa nyumba yake ilichomwa. Aliomba tume ya mataifa ichunguze mambo yote.

Barua ilichapwa Ulaya na Marekani, na watu wa mfalme walikasirika. Magazeti ya Ubelgiji yalishika makosa yake ya maisha: madeni, vyeo vya uongo. Mashitaka yenyewe hayakujibiwa vizuri. Naye akawa mgonjwa wa kifua kikuu. Alikufa tarehe 2 Agosti 1891 huko Blackpool, Uingereza, na sauti yake ikanyamaza. Zilipita zaidi ya miaka kumi mbele wengine kama Morel na Casement warudie mambo yale yale kwa nguvu, na ni mwaka wa 1908 tu Leopold aliachia Kongo. Katikati ya hapo, watu wengi mno walikufa juu ya kaucho.

Kaburi lake lilikaa bila jina hadi 1975, wakati mwanahistoria John Hope Franklin, Mmarekani mweusi pia, alipolitafuta na kuliwekea jiwe. Miaka kumi baadaye Franklin akatoa kitabu juu ya maisha yake.

Leo, katika vyuo vya Marekani, walimu wengine husomesha ile barua pamoja na riwaya ya Joseph Conrad, mwandishi aliyefika Stanley Falls mwaka ule ule, majuma machache baadaye. Conrad alitunga hadithi ambamo Wakongomani karibu hawasemi neno. Williams aliandika mambo waliyomwambia, akaweka tarehe na pahali: 18 Julai 1890, Stanley Falls.