Sheikh Abdul Aziz Al-Amawi: Kadhi aliyemfasiria padri Zaburi

Kila sifa njema ni stahiki ya Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu zetu katika imani, Ijumaa ya leo tumeona vyema tukumbushane maisha ya mwanachuoni mmoja wa Unguja, Sheikh Abdul Aziz bin Abdul Ghani Al-Amawi. Tumemchagua yeye kwa sababu mafunzo ya maisha yake yanahitajika mno hapa Isansa, wilayani Mbozi, na katika Mkoa wa Songwe kwa jumla. Huku kwetu Muislamu na Mkristo wanapakana mashamba ya kahawa, wanakutana sokoni, na wanazikana. Ujirani huo ni neema, lakini ni neema inayotaka kutunzwa. Mwezi wa Aprili 2013, mji wa Tunduma, uliokuwa bado ndani ya Mkoa wa Mbeya, uliingia katika vurugu zilizotokana na swali la nani mwenye haki ya kuchinja. Chakula, ambacho kilipaswa kuwakusanya majirani, kikawa ndicho kinachowatenga.

Sheikh Abdul Aziz alizaliwa Barawa, katika pwani ya Somalia ya leo, miaka ya 1830. Barawa ni mji wa kale wa Kiislamu, wenye lahaja yake ya Kiswahili. Akiwa bado kijana alihamia kusini kutafuta elimu na kazi. Sayyid Said bin Sultan, aliyeitawala Zanzibar hadi alipofariki mwaka 1856, alimwona kuwa anafaa, akampa ukadhi wa Kilwa. Baadaye Sheikh alirejea Unguja, akawa miongoni mwa makadhi wakubwa wa mji huo, akifundisha, akitunga vitabu na kuongoza wafuasi wa tariqa ya Qadiriyya.

Tunapaswa kulitazama kwa makini jambo moja katika utumishi wake. Yeye alikuwa Shafii, na masultani aliowatumikia walikuwa Ibadhi. Sayyid Majid, na baada yake Sayyid Barghash aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, hawakuwa wa madhehebu yake. Hata hivyo walimwamini, na Sayyid Barghash alimtuma safari za kiserikali hadi nchi ya mto Ruvuma. Kwa hiyo Sheikh alikuwa amezoea kukaa baraza moja na mtu anayehitilafiana naye, bila kuificha rai yake na bila kumvunjia mwenzake heshima.

Mwaka 1864 walifika Unguja wamisionari wa Kiingereza, na kati yao alikuwapo padri Edward Steere. Padri huyo alitaka kujifunza Kiswahili, na mabingwa wa lugha hiyo walikuwa Waislamu. Ilimbidi basi aketi mbele yao kama mwanafunzi. Katika mji ule mgeni wa heshima alikaribishwa barazani kwa kahawa na sharbati, na mazungumzo yakafuata kwa utulivu. Hiyo ndiyo iliyokuwa adabu ya Waunguja, kwa Muislamu na kwa asiyekuwa Muislamu.

Hapo ndipo Sheikh Abdul Aziz alipofanya jambo ambalo wengi wetu leo tungelistaajabia. Alijitolea kwa hiari yake kumfasiria padri Zaburi, kutoka Kiarabu kuja Kiswahili kilicho safi kabisa. Steere mwenyewe alilieleza hilo katika dibaji ya kitabu chake cha kufundishia Kiswahili, kilichochapishwa mwaka 1870. Kazi hiyo ilifika Zaburi ya 16 tu. Shughuli za Sheikh zilikuwa nyingi, na tena Kiswahili chake kilikuwa cha kitaalamu mno, hata padri akaona kwamba watu wa kawaida wasingekielewa.

Je, Sheikh alikuwa amelegea katika dini yake? Hasha. Zaburi ni kitabu alichoteremshiwa Nabii Daud (A.S.), nasi Waislamu tumeamrishwa kuviamini vitabu vya Mwenyezi Mungu. Aidha, Sheikh huyuhuyu ndiye aliyejadiliana na wamisionari na kuutetea Uislamu kwa hoja. Hakuacha swala, hakuacha ukadhi, hakugeuza itikadi yake hata kidogo. Naye Steere hakuwa Muislamu. Akawa askofu mwaka 1874, akasimamia ujenzi wa kanisa kuu pale Mkunazini, palipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, na akafariki mwaka 1882 akiwa katika dini yake. Kila mmoja alibaki na yake, lakini kila mmoja alimjua mwenzake kwa kumsikiliza, si kwa kusimuliwa na watu wa mbali. Sheikh aliishi hadi mwaka 1896, na mwanawe, Sheikh Burhan, akaja kuwa kadhi pia.

Ndugu msomaji, athari ya mabaraza yale imetufikia hata sisi. Kiswahili cha Unguja ndicho kilichochaguliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Mnyiha Muislamu na Mnyiha Mkristo wa Isansa wanapoandikiana barua, mmoja anaposoma tafsiri ya Qur'ani na mwingine Biblia, wote wawili wanatumia lugha iliyopitia mikononi mwa masheikh wa pwani waliokubali kuketi na mgeni.

Basi tuzingatie. Sura ya Al-Maida imetuhalalishia chakula cha watu waliopewa Kitabu, na chakula chetu kikahalalishwa kwao. Sura ya Al-Ankabut imetuelekeza tujadiliane nao kwa njia iliyo bora. Mambo hayo mawili, sahani na mazungumzo, yamo katika dini yetu wala hatukuyaazima kwingine. Mwezi wa Ramadhani tumwalike jirani Mkristo katika futari, na siku ya Idd asikose fungu lake. Akitualika yeye, tusimkatalie kwa uso uliokunjamana. Tumweleze mapema, kwa upole, tunachokula na tusichokula. Wakristo wengi nchini wamezoea kumwita Muislamu achinje pale karamu inapokuwa ya watu wa dini zote mbili. Huo ni ukarimu, haukuwa deni, na ukarimu hulipwa kwa shukrani. Tukiudai kwa vitisho, tutaupoteza, kama ilivyodhihirika Tunduma.

Na tukiwa tumeketi pamoja, tuzungumze. Watoto wetu wasikie namna mtu mzima anavyohitilafiana na mwenzake huku mkono wake ukiwa katika sinia moja naye. Mtoto aliyelelewa hivyo, hata akija kuchochewa barabarani, atakumbuka jina na uso wa jirani yake kabla ya kuokota jiwe.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu amrehemu Sheikh Abdul Aziz Al-Amawi, ampe kauli thabiti, na atujaalie sisi elimu, subira na ujirani mwema. Amin.

Wabillahi tawfiq.