Johannes Rebmann, Mtumishi Asiyehesabu Majina

Katika mwaka wa jubilei ni desturi njema kuhesabu. Twahesabu sharika, twahesabu shule, twahesabu waliobatizwa na waliobarikiwa, nasi twamshukuru Mungu kwa wingi wao. Lakini yafaa kukumbuka pia maisha ya mtu mmoja ambaye hesabu yake ilikuwa ndogo mno, hata wengi wakamhesabu kuwa ameshindwa. Mtu huyo ni Johannes Rebmann. Kila mwalimu hulitaja jina lake afundishapo habari za Kilimanjaro, lakini wachache waijua kazi yake iliyochukua miaka karibu 29.

Rebmann alizaliwa tarehe 16 Januari 1820 katika mji mdogo wa Gerlingen, nchi ya Württemberg huko Ujerumani. Wazazi wake walikuwa watu wa shamba. Katika nchi ile watu karibu wote walibatizwa wakiwa watoto wachanga, na kila jina lilikuwamo katika kitabu cha kanisa. Hata hivyo palikuwa na waumini wengi walioona ya kuwa jina kitabuni halitoshi, nao walikutana nyumbani mwao ili kusoma Neno na kusali. Katika hali hiyo Rebmann alilelewa. Akaenda Basel kusomea kazi ya misheni, kisha akatumwa na Chama cha Misheni cha Kanisa la Uingereza, kiitwacho CMS.

Mwezi wa Juni 1846 alifika Mombasa, akamkuta Ludwig Krapf, aliyekwisha kumzika mkewe na mtoto wake pwani mwaka 1844. Mwezi wa Agosti wote wawili walipanda Rabai, wakajenga nyumba kati ya Wamijikenda, ambao siku zile waliitwa Wanyika.

Kutoka Rabai alisafiri bara, akiwa na wapagazi wachache na mwavuli mkononi. Tarehe 11 Mei 1848 aliuona Mlima Kilimanjaro, ule ambao sisi wa Same twautazama asubuhi mawingu yakiisha kuondoka. Kileleni aliona weupe. Kiongozi wake wa njia aliuita weupe ule baridi tu, na Rebmann akatambua ya kuwa ni theluji. Palikuwa na masimulizi ya kwamba watu wa kale walidhani ni madini ya fedha, wakapanda kuichota, nayo ikawageukia kuwa maji mikononi. Habari zilipofika Ulaya, mabingwa wa London waliokaa vitini mwao wakakana. Walisema haiwezekani theluji ikae karibu na ikweta. Rebmann hakubadili neno lake, kwa maana ameona kwa macho. Baron von der Decken alipoupanda mlima kwa sehemu mwaka 1861 na 1862, ushahidi wa Rebmann ukathibitika.

Si kila safari ilikuwa ya kushangilia. Mwaka 1849 alikwenda Machame akitaka kupita hadi Unyamwezi. Mangi Mamkinga akamnyang'anya mali yake, naye akarudi pwani akiwa mgonjwa na mikono mitupu. Tangu hapo akatulia Rabai.

Hapa ndipo lilipo jambo kubwa la maisha yake. Rebmann hakuharakisha kubatiza. Mtu alifundishwa kwa muda mrefu, na mwenendo wake nyumbani ulitazamwa. Wa kwanza wa Rabai alikuwa Mringe, mtu kilema, aliyebatizwa kabla ya kufa kwake. Miaka kumi hivi ikapita, na baada ya mwaka 1860 wakaongezeka Abe Gunja na mwanawe Nyondo, aliyeitwa Isaac, na wengine wa kuhesabika kwa vidole.

Katika miaka hiyo taabu haikupungua. Mwaka 1851 Rebmann alimwoa Emma Tyler huko Misri. Mwana wao alikufa angali mchanga. Mwaka 1857 vita vya Wamasai viliwafukuza hata Unguja, wakakaa huko karibu miaka miwili. Mwaka 1866 Emma naye akafa. Rebmann akabaki peke yake, akiandika kamusi na kuifasiri Injili ya Luka kwa Kiswahili, huku macho yake yakififia.

Waliomtembelea hawakuficha mshangao wao. Miaka mingi namna hii, na watu wachache namna hii! Ni kweli, na tusimfanye malaika, kwamba wengine walimwona kuwa mtu wa kukaa mno mahali pamoja, asiyetaka kuieneza kazi upesi. Krapf mwenyewe alikuwa na shauri jingine. Yeye alitamani vituo vingi kuvuka Afrika, na Rebmann alipenda kuchimba mahali pamoja mpaka maji yatoke. Tena mwaka 1875 wajumbe wa CMS walianzisha Frere Town karibu na Mombasa kwa ajili ya watumwa waliokombolewa, na kwa muda mfupi watu wakawa mamia. Kazi ile ilikuwa ya huruma na ya lazima. Ila mtu aliyelishwa na kuhifadhiwa na misheni huweza kulipokea jina la Kikristo kwa shukrani tu, na ni kazi ya miaka kujua kama moyo nao umepokea.

Mwaka huo huo Rebmann, kipofu, aliondoka Rabai kurudi kwao. Aliyemwongoza katika safari ile ndefu ni Isaac Nyondo, mmoja wa wale wachache. Basi tutazame: aliyefundishwa kuona akawa macho ya aliyemfundisha. Hapana kitabu cha hesabu kinachoweza kuandika jambo hilo. Rebmann alifariki Korntal tarehe 4 Oktoba 1876. Katika mwaka ule ule Injili ya Luka aliyoifasiri ilipigwa chapa. Miaka 17 baadaye, mwaka 1893, Misheni ya Leipzig ilianza kazi Machame, pale alipovuliwa mali yake, na mwaka 1900 ikafika Shigatini katika milima yetu. Kanisa la Rabai nalo liko hata leo.

Wapendwa, sisi wa Upare twaijua ndiva. Ndiva huweza kuwa na kingo imara, na watu wakaitengeneza kwa msaragambo mwaka baada ya mwaka, lakini kama chemchemi haiingii ndani yake, mashamba ya chini hayapati kitu. Jina la ubatizo, kadi ya usharika, na kiti cha mbele kanisani ni kingo. Ni vitu vyema, wala asivibomoe mtu. Lakini maji ni imani iliyo hai. Huonekana pale mtu anapomsamehe jirani aliyemdhulumu mpaka wa shamba, anaporudisha cha watu, anapougua asiende usiku kwa mganga na asubuhi kwa mchungaji.

Walimu mnaofundisha madarasa ya ubatizo na kipaimara, msione aibu ya kukawia na mwanafunzi mmoja. Nanyi wazazi, msiharakishe mtoto apate cheti kabla hajapata kujua anamwamini nani. Anayekana theluji na anayeidhani fedha wote hawakuifikia. Mungu atujalie katika jubilei hii kuwa watu walioona, ili wajao baada yetu wasikute majina matupu katika vitabu vyetu, bali wakute mtu wa kuwashika mkono na kuwaongoza njiani.