Mwenda Jean-Bosco: mpiga gitaa wa Bunkeya aliyesikika hadi Marekani

Watu wa Lubumbashi waliomsikia wengi wao sasa ni wazee. Lakini wapiga gitaa wa Nairobi na wa Ulaya wangali wanajifunza nyimbo zake, na hapo ndipo mtu anashangaa kwa nini vijana wa kwetu hawamjui.

Mwenda Jean-Bosco alizaliwa mwaka 1930 huko Bunkeya, mji wa mfalme Msiri na makao ya Bayeke. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki aliyeishi Afrika Kusini, alimkuta Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, akamrekodi. Kati ya nyimbo za siku hizo ulikuwamo Masanga. Santuri zake zilitolewa na kampuni ya Gallo ya Johannesburg, zikasambaa upesi.

Siri yake ilikuwa vidole viwili. Kidole gumba kilishika sauti za chini bila kukatika, huku kidole cha shahada kikichezesha sauti za juu kwa mwendo wake chenyewe. Asiyemwona angeapa kwamba wanapiga watu wawili. David Rycroft, mtaalamu wa London, aliuandika upigaji huo kwa nota mwanzoni mwa miaka ya 60, na kazi hiyo haikuwa ndogo. Na aliimba kwa Kiswahili chetu cha Katanga, kile ambacho watu wa pwani hupenda kukicheka. Hata hivyo, Kenya walimpokea. Aliishi Nairobi kwa muda, akawa na kipindi chake redioni, na wapiga gitaa wengi wa huko walimfuata. Mwaka 1969 alipanda jukwaani kwenye tamasha la Newport, Marekani.

Pamoja na sifa hizo zote, gitaa halikumlisha. Huku Lubumbashi alifanya kazi ya benki, akasimamia bendi za dansi, baadaye akawa na hoteli Sakania, karibu na mpaka wa Zambia. Wakati wa Zaire, majina ya Kikristo yalipopigwa marufuku, alijulikana kama Mwenda wa Bayeke.

Mwaka 1988 alirekodi tena, safari hii Cape Town. Hakuiona albamu hiyo ikitolewa Marekani: Septemba 1990 alikufa katika ajali ya gari nchini Zambia, akiwa na miaka 60.