Mitchell: Mbunifu wa ndege za kasi aliyefariki kabla ya kuona matunda yake

Septemba 13, 1931, maelfu ya watu walijaa ufukweni karibu na Southampton, kusini mwa Uingereza, kutazama ndege ikishindana peke yake. Ilikuwa Supermarine S.6B, ndege ya mashindano inayoruka na kutua majini. Aliyeibuni ni Reginald Joseph Mitchell.

Mitchell alizaliwa Mei 20, 1895 huko Staffordshire. Akiwa na miaka 16 aliacha shule, akaenda kujifunza ufundi katika kiwanda cha vichwa vya treni. Jioni alisoma hesabu na uchoraji wa mitambo. Mwaka 1917 aliajiriwa na kampuni ya Supermarine, na miaka miwili baadaye akawa mbunifu mkuu.

Wakati huo mataifa yaligombea Kombe la Schneider. Nchi iliyoshinda mara tatu ndani ya miaka mitano ililichukua moja kwa moja. Mwaka 1925 ndege ya Mitchell, S.4, ilianguka majini huko Baltimore, Marekani, rubani alinusurika. Mitchell hakukata tamaa. S.5 ilishinda Venice mwaka 1927, na S.6 ikashinda nyumbani mwaka 1929.

Ulibaki ushindi mmoja. Lakini uchumi wa dunia ulikuwa umeyumba, na serikali ikakataa kutoa fedha. Mjane tajiri, Lady Lucy Houston, akajitolea pauni 100,000. Muda haukutosha kuchora ndege mpya, hivyo Mitchell aliiboresha ile ya zamani. Injini ya Rolls-Royce iliongezwa hadi nguvu za farasi 2,350, joto nalo likazidi. Rejeta ya kawaida ingepunguza kasi, kwa hiyo maji ya moto yalipitishwa kwenye ngozi ya mabawa na ya maboya ili upepo uyapoze.

Ufaransa na Italia hazikuwa tayari. S.6B iliruka peke yake kwa kilomita 547 kwa saa, na kombe likawa mali ya Uingereza. Siku 16 baadaye ndege ya aina hiyo ilifikisha kilomita 655, rekodi ya dunia.

Mwaka 1933 Mitchell alipasuliwa kwa sababu ya saratani ya utumbo. Angeweza kupumzika, lakini alirudi kazini akabuni ndege ya kivita ya Spitfire, iliyoruka mara ya kwanza Machi 5, 1936. Alifariki dunia Juni 11, 1937, akiwa na miaka 42. Mwaka 1940 Spitfire zilisaidia kuzuia Ujerumani isiivamie Uingereza. Mwenyewe hakuwahi kuiona siku hiyo.